Ufa usioonekana: hesabu ya mgusano wa vyuma na usalama wa safari katika vilima vya Kigali

Mji mkuu wa Rwanda unaunganisha magari, unaingiza mabasi ya umeme na kuagana polepole na pikipiki za petroli. Ndani ya kila gurudumu linalopanda vilima vyake kuna mahali padogo kuliko punje ya ulezi ambapo chuma hukutana na chuma. Makala haya yanaeleza jinsi wahandisi wanavyokadiria kinachotokea mahali hapo kabla hakijamdhuru abiria.

Kwa ufupi:

• Katika beringi, gia na breki, mzigo mzima hupita katika eneo dogo sana, na mara nyingi ufa huanzia chini ya uso wa chuma, ambako jicho la fundi halifiki.

• Mzigo ukiongezeka kwa robo, umri wa beringi ya gololi hupungua hadi karibu nusu.

• Uharibifu huo unaweza kukadiriwa kwa kompyuta, lakini jibu huwa sahihi tu pale mzigo, chuma na barabara vinapojulikana.

Nyabugogo, kituo kikubwa cha mabasi cha Kigali, kiko bondeni. Anayeondoka hapo kuelekea vitongoji vingi vya mji hulazimika kupanda, na anayerejea hulazimika kushuka. Rwanda haikuitwa nchi ya milima elfu kwa mapambo ya maneno. Basi linalofika kileleni likiwa na abiria waliojaa limekwishaitesa gia yake, na linapogeuka kurudi ni zamu ya breki. Pikipiki inayombeba mama na mzigo wake kutoka sokoni nayo hupita njia hizo hizo, mara kadhaa kwa siku, mwaka mzima.

Wengi wa wasomaji wetu wana ndugu wanaoishi katika miji ya aina hii. Wengine wamechanga fedha kumnunulia kaka au mpwa pikipiki ya kazi, wengine wametuma gari. Swali la kama chombo hicho ni salama kwa kawaida huachiwa fundi, naye hulijibu kwa macho, kwa masikio na kwa kiganja cha mkono. Ujuzi huo ni wa thamani kubwa. Hata hivyo, kuna uharibifu ambao hauonekani, hausikiki wala haushikiki hadi siku unapokuwa umechelewa kuzuilika. Ili kuutambua mapema, yahitajika hesabu.

Gololi moja na kilo 10

Tuanze na kitu ambacho kila mtoto anakijua: gololi. Gololi ya chuma iliyomo ndani ya beringi ya gurudumu ni mviringo kamili, na mviringo ukiwekwa juu ya uso bapa hugusa katika nukta moja. Nukta haina eneo. Kama mzigo wote ungepita katika mahali pasipo na eneo, shinikizo lake lisingekuwa na kikomo na hakuna chuma ambacho kingestahimili. Lakini beringi zinastahimili. Kwa nini?

Jibu la kuaminika lilitolewa na kijana wa miaka 23. Katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1880, Heinrich Hertz, mzaliwa wa Hamburg aliyekuwa akifanya kazi Berlin chini ya mwanafizikia Hermann von Helmholtz, alikuwa akitafakari juu ya lenzi mbili za kioo zinazobanwa pamoja. Aliona kwamba vitu hivyo havibaki na maumbo yao ya awali. Vinabonyea kidogo pale vinapokutana, na ile nukta inatanuka kuwa duara dogo. Januari 1881 aliwasilisha hesabu yake mbele ya wanafizikia wa Berlin. Huyu ndiye Hertz yule yule ambaye jina lake wasikilizaji wa redio hulisikia katika megahezi za masafa yao. Mawimbi ya redio aliyathibitisha miaka michache baadaye, lakini mafundi wa magari wanamdai shukrani kwa hesabu yake ya mgusano.

Hesabu hiyo inatuwezesha kupima kisichopimika kwa macho. Chukua gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 10, iweke juu ya bamba la chuma, kisha ikandamize kwa uzito wa kilo 10. Duara la mgusano litakuwa na upana wa takriban milimita 0.3. Gololi itazama kwa kiasi cha milimita 0.004 tu. Na katikati ya duara hilo shinikizo litafikia kiasi cha gigapaskali 2.2, ambalo ni zaidi ya mara 20,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta pwani. Kilo 10 ni uzito wa nusu ya dumu la maji ambalo mtoto wa shule hulibeba kichwani. Uzito huo mdogo, ukipitishwa katika eneo dogo, unageuka kuwa nguvu ya kutisha.

Katika beringi halisi gololi haikai juu ya bamba bapa bali katika mfereji uliochongwa kuifuata, na hivyo eneo la mgusano linakuwa kubwa zaidi na shinikizo linapungua. Hapo ndipo ubora wa kitengenezwa unapojulikana. Chuma kigumu cha beringi hustahimili shinikizo la namna hii na kurudi katika umbo lake kama springi. Kanuni ya kimataifa ya beringi za gololi zenye mfereji huweka mpaka wa gigapaskali 4.2 kwa mzigo uliotulia, kwa kuwa kufikia hapo gololi na mfereji hubaki na kovu la kudumu, japo dogo mno. Chuma laini cha kawaida, kile cha nondo na mabamba ya mageti, huanza kubonyea daima katika shinikizo la chini ya nusu gigapaskali. Kwa hiyo beringi bandia, iliyong'arishwa vizuri na kufungwa katika kasha zuri lakini iliyotengenezwa kwa chuma dhaifu, inaweza kuonekana sawa na ile halali dukani. Tofauti yake itaonekana barabarani.

Pale ufa unapozaliwa

Mtu angetarajia kwamba chuma kinachokandamizwa kitaharibika kwanza juu, pale kinapoguswa. Hesabu inasema vinginevyo. Katika duara la mgusano, chuma cha usoni kimebanwa kutoka kila upande, na kitu kilichobanwa pande zote hakina nafasi ya kuteleza. Ni chini kidogo ya uso ambako tabaka za chuma zinasukumwa kuteleza moja juu ya nyingine kwa nguvu kubwa kuliko zote. Katika mfano wetu wa gololi, kina hicho ni takriban milimita 0.07, karibu na unene wa unywele mmoja.

Huko ndiko ufa unakozaliwa, ikiwa grisi ni safi na uso ni laini. Ukianza, hukua polepole chini kwa chini, kisha hupanda juu, na siku moja kipande cha chuma chenye umbo la ganda hubanduka. Fundi anapofungua beringi na kuona vishimo, anaona mwisho wa hadithi iliyoanza muda mrefu uliopita. Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ugumu wetu hapa ni kwamba ufa wenyewe umejificha ndani ya ukuta.

Kinachoukuza ufa huo ni marudio. Chukua pikipiki yenye gurudumu la kipenyo cha sentimita 60 hivi, inayosafiri kilomita 100 kwa siku. Gurudumu hilo litazunguka zaidi ya mara 50,000 kila siku, na katika kila mzunguko gololi kadhaa hupita juu ya sehemu ile ile ya mfereji. Kwa siku 300 za kazi, mizunguko inafikia milioni 16. Chuma ambacho kingeubeba mzigo huo mara moja bila kulalamika kinachoka kinapoubeba mara milioni. Wahandisi wanauita uchovu wa chuma, nao waliujua kwa msiba. Mei 8, 1842, ekseli ya kichwa cha treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilivunjika, mabehewa yakashika moto na zaidi ya watu 50 wakafa. Katika miaka iliyofuata, Mjerumani August Wöhler alizipima ekseli za reli kwa kuzizungusha tena na tena hadi zikatike. Akaonyesha kwamba chuma huweza kuvunjika chini ya mzigo mdogo kuliko ule kinaoweza kuubeba mara moja, mradi tu mzigo huo urudiwe vya kutosha.

Kwa beringi, kanuni inayotumika hadi leo ilitolewa mwaka 1947 na Wasweden Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren. Inasema kwamba umri wa beringi ya gololi hupungua kwa mchemraba wa mzigo. Mzigo ukiongezeka kwa robo, umri unashuka hadi karibu nusu. Mzigo ukiongezeka mara mbili, umri unabaki thumuni. Linganisha na kanuni ya Hertz: mzigo ukiongezeka mara mbili, shinikizo kati ya gololi na chuma huongezeka kwa takriban robo tu. Ongezeko hilo la robo, likirudiwa mara milioni, ndilo linalokula sehemu saba kati ya nane za umri wa beringi. Dereva anayepakia kupita kiasi na kuona kwamba gari limefika salama hajakosea kuhusu safari ya leo. Amekosea kuhusu safari zote zinazokuja.

Wavu wa kunasia mkazo

Hesabu ya Hertz ni nzuri, lakini ina masharti. Inadai nyuso laini, maumbo rahisi ya mviringo, eneo la mgusano lililo dogo likilinganishwa na vitu vyenyewe, na chuma kinachorudi katika umbo lake mzigo ukiondolewa. Pedi ya breki haina umbo hilo. Tairi la mpira lenye nyuzi za chuma ndani yake halina tabia hiyo. Habu ya gurudumu iliyotobolewa matundu ya bolti haimo katika kitabu chochote cha maumbo rahisi. Kwa vitu kama hivi, wahandisi hutumia kompyuta na mbinu ya vipande vidogo.

Mbinu hiyo ilikomaa katika utengenezaji wa ndege. Mwaka 1956, wahandisi wa kampuni ya Boeing na wa Chuo Kikuu cha California walichapisha njia ya kukokotoa ugumu wa bawa kwa kuligawa katika vipande vingi. Mmoja wao, Ray Clough, ndiye aliyeipa mbinu hiyo jina lake mwaka 1960. Wazo lenyewe ni la kawaida: umbo lisilohesabika kwa mkupuo mmoja hukatwa kuwa maelfu ya vipande vyenye maumbo yanayohesabika, kila kipande kikiwa kimefungwa kwa jirani zake katika vifundo, mfano wa wavu. Kompyuta huuliza kila kifundo kinasogea kiasi gani ili nguvu zote zilingane, kisha kutokana na misogeo hiyo huhesabu mkazo katika kila kipande.

Wavuvi wa Ziwa Kivu wanaelewa shida inayofuata kuliko watu wengi. Wanaotoka usiku kutafuta sambaza hubeba wavu wenye macho madogo, kwa sababu wavu wa samaki wakubwa ungewapitisha wale wadogo wote. Vivyo hivyo kwa mkazo wa mgusano. Kama vipande vya kompyuta vina upana wa milimita moja, lile duara la milimita 0.3 litapita katikati ya wavu bila kunaswa, na kompyuta itatoa picha yenye rangi za kupendeza na jibu la uongo. Wavu ukifanywa mwembamba kila mahali, kompyuta itaelemewa. Ujuzi uko katika kuusuka mwembamba pale vyuma vinapogusana tu, na kuuachia kadiri unavyokwenda mbali.

Mgusano una ugumu mwingine. Katika hesabu za kawaida mhandisi anajua mapema mzigo umekaa wapi. Hapa hajui, kwa sababu eneo la mgusano lenyewe hubadilika jinsi vitu vinavyobonyea. Hivyo kompyuta hukisia, hukagua na kusahihisha, ikishika sheria mbili: vitu viwili visipenyane, na vikishaachana visivutane. Sheria hizo zaweza kusemwa na mtoto, lakini uthibitisho kwamba swali la namna hiyo lina jibu moja tu ulipatikana mwaka 1963, kwa kazi ya Mtaliani Gaetano Fichera juu ya fumbo lililoachwa na mwalimu wake Antonio Signorini.

Mhandisi mwangalifu hauamini wavu wake kabla ya kuujaribu. Kwanza huitaka programu ihesabu ile gololi moja juu ya bamba, ambayo jibu lake Hertz amekwisha kulitoa. Programu ikishindwa kulipata duara la milimita 0.3, haina haki ya kuaminiwa kuhusu breki ya basi.

Breki na joto la mteremko

Mteremko ni mahali ambapo hesabu hii inakutana na maisha ya watu moja kwa moja. Fikiria basi lenye uzito wa tani 12 likishuka kimo cha mita 100, jambo la kawaida katika Kigali. Ili lisiongeze kasi, nishati ya takriban megajuli 11.8 lazima iondolewe. Nishati hiyo, ikigeuka yote kuwa joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 35 za maji. Sehemu yake huchukuliwa na injini iwapo dereva amebakiza gia nzito. Inayobaki huishia katika pedi na diski, au katika viatu na ngoma za breki, yaani katika vipande vya chuma ambavyo mtu mmoja anaweza kuvinyanyua.

Mtu angedhani pedi hukandamiza diski kwa usawa. Kwa kweli hugusa zaidi katika sehemu fulani. Sehemu hiyo hupata joto zaidi. Chuma chenye joto hutanuka na kuvimba. Kilichovimba hukandamizwa zaidi, hivyo hupata joto zaidi tena. Mwanasayansi Mwingereza J. R. Barber aliueleza mzunguko huu mwaka 1969. Matokeo yake mafundi huyaona kila wiki: madoa ya buluu au meusi kwenye diski, nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, na usukani unaotetemeka dereva anapokanyaga breki. Mwishowe breki huweza kupoteza nguvu ya kushika, na dereva akakanyaga bila gari kutii.

Kielelezo cha kompyuta kinachounganisha mgusano, msuguano na joto kinaweza kuonyesha mahali ambapo madoa hayo yatatokea, na kama diski nene zaidi au yenye mianya ya hewa ingesaidia. Kinaweza pia kujibu swali lililo muhimu zaidi kwa mji wa vilima: breki iliyosanifiwa na kujaribiwa katika nchi tambarare itakuwaje ikishuka mteremko mrefu mara ishirini kwa siku, na muda wa kupoa kati ya safari ukiwa mfupi?

Umeme umebadilisha mzigo

Swali hilo limekuwa la haraka kwa sababu Kigali inabadilika. Juni 2018, Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari katika eneo maalumu la kiuchumi la mji huo. Mwaka 2019, kampuni ya Ampersand ilianza kuwapa mamotari, kama waendesha pikipiki za abiria wanavyoitwa huko, pikipiki za umeme ambazo betri zake hubadilishwa vituoni. Kampuni ya BasiGo iliyoanzia Nairobi nayo imeleta mabasi ya umeme. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali zinatakiwa kuwa za umeme. Wako pia wanaozigeuza pikipiki za petroli kuwa za umeme kwa kuondoa injini na kufunga mota na betri.

Umeme unapunguza moshi, na katika miteremko una faida nyingine: mota inaweza kugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya ile nishati kwenye betri badala ya kuichoma kwenye breki. Lakini kila faida huhamisha mzigo mahali fulani. Katika gari la umeme, mota hutoa nguvu yake kubwa ya kuzungusha tangu mwanzo kabisa wa mwendo, hivyo jino la gia hupokea kishindo kamili mara gari linapoondoka. Wakati wa kushuka, gurudumu ndilo linalosukuma mota, na meno ya gia hubanwa kwa upande wao wa pili kwa nguvu na kwa muda kuliko yalivyozoea. Betri huongeza uzito, na tumeona jinsi beringi inavyoulipia uzito. Aidha, umeme unaotolewa na kifaa cha kuendesha mota unaweza kuvuja kupitia beringi za mota yenyewe na kuchoma vishimo vidogo katika njia ya gololi.

Mambo haya yote yana ufumbuzi, na viwanda vikubwa huyahesabu mapema. Hofu iko kwenye ugeuzaji. Fremu, beringi na mnyororo wa pikipiki ya petroli vilihesabiwa na mtu fulani, mahali fulani, kwa mzigo fulani. Injini ikiondolewa na mota kufungwa, hesabu ya zamani imefutwa. Lazima ifanywe upya na mtu anayejua kuifanya. Vinginevyo hesabu hiyo itafanywa na barabara, na barabara hutumia watu kama karatasi yake.

Je, inawezekana kuifanya Kigali?

Zamani kazi hii ilihitaji kompyuta za gharama na programu ambazo leseni yake ilishinda bei ya gari. Leo hali ni tofauti. Zipo programu za bure ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua, kama vile CalculiX na Code_Aster, hii ya pili ikiwa imetokana na shirika la umeme la Ufaransa, EDF. Tatizo la gololi moja linaendeshwa vizuri kwenye kompyuta ya kawaida ya mwanafunzi. Uhandisi wa mitambo unafundishwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma, ikiwemo ile ya sayansi na teknolojia iliyoanzishwa Kigali mwaka 1997.

Kinachohitajika zaidi ni takwimu za mahali. Kompyuta haijui kwamba basi limebeba abiria kuliko viti vyake. Haijui mteremko una urefu gani, barabara ya mawe ya mtaani inapiga gurudumu kwa kishindo gani, vumbi la kiangazi linaingiaje katika grisi, wala chuma cha kipuri kilichonunuliwa sokoni kina ugumu kiasi gani. Mhandisi akiingiza makisio ya vitabu vya Ulaya, atapata jibu sahihi kuhusu gari la Ulaya. Kifaa kidogo cha kupima mtikisiko kikifungwa kwenye habu ya pikipiki moja kwa wiki moja katika njia zake za kila siku, kitatoa maarifa ambayo hakuna kitabu kilicho nayo.

Hapa ndipo fundi na mhandisi wanapohitajiana. Karakana za Gatsata, karibu na Nyabugogo, hufungua beringi, gia na breki zilizochakaa kila siku. Kila beringi iliyokufa ni ushahidi: vishimo viko upande gani, vimeanzia juu au chini ya uso, grisi ina rangi gani. Kwa kawaida ushahidi huo huishia katika rundo la vyuma chakavu. Ukiandikwa pamoja na kilomita zilizosafiriwa, ungekuwa kipimo bora cha kuonyesha kama kielelezo cha kompyuta kinasema kweli.

Ukaguzi wa lazima wa magari unaosimamiwa na Polisi ya Rwanda nao una nafasi yake. Mashine za ukaguzi hubaini breki isiyoshika, taa mbovu na moshi uliozidi. Lakini ukaguzi hupima hali ya chombo siku ile. Ufa ulio chini ya uso kwa unene wa unywele hauwezi kuonekana hapo. Unaweza tu kutabiriwa, na utabiri huo humpa mwenye chombo jambo moja la maana: tarehe ya kubadilisha kipuri kabla hakijavunjika. Hata hivyo utabiri wenyewe hauna uhakika kamili. Umri unaotajwa kwa beringi kwa kawaida ni ule ambao beringi 90 kati ya 100 huufikia. Kumi zitakuwa zimeharibika mapema zaidi, na hakuna ajuaye ni zipi.

Kwa anayepanda na anayemiliki

Msomaji asiye mhandisi anaweza kuchukua mambo machache kutoka katika hesabu hizi. Uzito wa ziada hulipiwa baadaye, na hulipiwa kwa riba. Sauti ya kuvuma inayobadilika kadiri kasi inavyobadilika, au habu moja iliyo na joto kuliko nyingine baada ya safari, ni dalili ya beringi inayokaribia mwisho. Chombo cha umeme, kwa kuwa kimya, humpa msikilizaji makini nafasi nzuri ya kuisikia. Grisi chafu huharakisha ufa, kwani chembe ya mchanga inayopita chini ya gololi huchimba kovu, na ufa huanzia hapo hapo juu. Kipuri cha bei ya chini mno kinastahili kuulizwa kimetengenezwa na nani na kwa chuma gani. Na katika mteremko mrefu, dereva anayeshuka kwa gia nzito anayapunguzia pedi na diski zake joto lisilo la lazima.

Kwa yule aliyetuma fedha nyumbani ili ndugu yake apate pikipiki ya kazi, kuna swali moja la kuongeza katika simu ya Jumapili, baada ya salamu na habari za watoto: beringi za magurudumu zilibadilishwa lini, na zimetembea kilomita ngapi tangu hapo? Ndugu akiwa na jibu, hesabu imeanza. Asipokuwa nalo, daftari la shilingi chache linatosha kuianza kesho asubuhi.